Jina la Aliyetuma Lisikatwe

Serikali ya kigeni ikitaka kusema na sisi hapa Nairobi, mara nyingi haijifichi. Hutuma taarifa yenye nembo ya ubalozi, tarehe, jina la afisa na namba ya simu. Nimehariri habari katika redio ya Kiswahili kwa muda wa kutosha kuwaona maafisa habari wa balozi wakija na kuhamishwa, na bado hilo ndilo jambo ambalo watu hawaliamini nikiwaeleza. Wao wanadhani propaganda ni kazi ya majasusi. Nyingi ya ile inayopita mikononi mwangu huingia kwa barua pepe asubuhi, kabla ya kikao cha wahariri, Kiswahili chake kimenyooka, picha zimeambatishwa, na juu kabisa imeandikwa nani ameituma. Jina hilo hupotea baadaye, na hupotea mezani petu.

Sisi tuliokulia Eastlands enzi za masafa mafupi tulizoea kitu kingine. Jioni moja ungeweza kusikia habari ileile kutoka London, Moscow, Cologne na Peking, na kila kituo kilijitaja kabla ya kusema neno. Hakuna aliyehitaji kuambiwa Redio Moscow ni ya nani. Wazee pale mtaani walisikiliza kwa zamu, wakapanga nani kasema nini, kisha wakabishana hadi giza. Cairo ndiyo iliyotangulia kututafuta kwa lugha yetu ili kumshambulia Mwingereza. Ilianza mwaka 1954. BBC ikafuata Juni 1957, Peking 1961, Sauti ya Amerika 1962, Ujerumani 1963. Ukiziangalia tarehe hizo pamoja na tarehe za uhuru wa Tanganyika, Uganda, Kenya na Zanzibar, unaona wazi kwamba walikuwa wanatuwania. Sisi tulipata habari, muziki na kalenda za bure kwa posta, na vilabu vya salamu vikapata mahali pa kutaja majina ya jamaa. Wao walipata masikio. Biashara ilikuwa ya wazi na siioni kuwa ya aibu kwa upande wowote.

Nilipoingia chumba cha habari nilikuta mambo yamehamia FM. Redio ya Kenya iliweza kuunganisha nusu saa ya idhaa ya kigeni alfajiri au jioni, bila gharama, na msikilizaji akaipata safi kwenye simu au ndani ya matatu. Februari 2006 China ilienda hatua moja zaidi: ikafungua kituo chake chenyewe hapa Nairobi, 91.9 FM, cha kwanza cha aina hiyo ambacho Redio China Kimataifa ilipata kuwa nacho nje ya nchi yake. Januari 2012 ikaja televisheni yao, ile tunayoiita CGTN leo, ikaajiri vijana wetu wengi wenye vipaji. Ukishuka hadi kona ya Monrovia na Loita unawakuta Wajerumani na Wafaransa na vituo vyao vya utamaduni, karibu karibu, kila mmoja na madarasa ya lugha na tamasha zake. Wamarekani wako Gigiri, Waingereza Upper Hill. Mji huu unasemeshwa na dunia nzima, na mimi nasema ni vizuri, mradi tujue anayesema ni nani.

Somo lililonikaa zaidi nililipata kwa tahariri za Sauti ya Amerika. Idhaa hiyo ilikuwa na habari zake za kawaida, zilizosimamiwa na waandishi, na mbali na hizo kulikuwa na tahariri fupi iliyotangulizwa na maelezo kwamba yanayofuata ni maoni ya serikali ya Marekani. Yalisemwa hivyo hivyo, waziwazi. Hati inayoongoza idhaa hiyo, iliyotiwa sahihi na Rais Gerald Ford mwaka 1976, inataka mambo matatu: habari ziwe za kweli na kamili, Marekani ioneshwe kwa upana wake, na sera za serikali zielezwe pamoja na mijadala inayozihusu. Matatu hayo hayakai pamoja bila kusukumana, na ndiyo maana tahariri ilitengwa na habari. Niliheshimu utaratibu huo hata siku ambazo tahariri yenyewe ilinikera.

Kuna jambo jingine la Marekani ambalo kila nikilisimulia, watu hunyamaza kidogo wakifikiri. Sheria ya Smith-Mundt ya 1948, hasa ilivyokazwa baadaye, iliizuia serikali ya Marekani kuwasambazia raia wake vipindi ilivyotengeneza kwa ajili ya watu wa nje. Zuio hilo lililegezwa Julai 2013. Yaani kwa miaka mingi bunge lao liliona kwamba serikali haifai kutumia hela ya umma kuwashawishi wapiga kura wake kwa namna ileile inayotushawishi sisi. Siwalaumu kwa hilo, ni busara. Ila inafaa mhariri wa Nairobi ajue kwamba wenzake wa kule waliwekewa ukuta ambao yeye hakuwekewa na mtu yeyote. Akiutaka, aujenge mwenyewe.

Namna jina linavyokatika si njama. Ni sekunde. Taarifa ya ubalozi ina kurasa mbili, mtangazaji ana sekunde arobaini. Kijana anayeandika habari anatafuta cha kupunguza, na cha kwanza kuonekana hakina kazi ni yale maneno ya "kwa mujibu wa ubalozi wa nchi fulani". Mazungumzo haya nimeyafanya na vijana tofauti hadi nayajua kwa moyo.

"Mwalimu, nimeishusha, sasa inatosha."

"Umetoa nini?"

"Hapo mwanzo tu. Nani kasema."

"Irudishe hiyo. Toa orodha ya wageni waliohudhuria."

"Lakini si kila mtu anajua ni wao?"

"Yule anayeosha gari pale Muthurwa akisikiliza, atajuaje?"

Anakuna kichwa, anarudisha. Wengine hawarudishi kwa furaha, kwa sababu sentensi yenye "kwa mujibu wa" huonekana dhaifu masikioni mwa mtu anayetaka kusikika kama anajua. Lakini fuata habari hiyo ikishatoka bila jina. Saa sita blogu inaiokota kutoka kwetu. Saa kumi kituo kingine kinaisoma kutoka kwa blogu. Jioni mchambuzi anaanza hoja yake kwa "imebainika kwamba", na kilichobainika ni matakwa ya wizara fulani ya mambo ya nje iliyo mbali, ambayo asubuhi ile iliweka sahihi yake bila kusita. Waliotuma hawakumdanganya mtu. Sisi ndio tuliowageuza kutoka msemaji kuwa ukweli.

Edward R. Murrow, mwanahabari aliyeongoza Shirika la Habari la Marekani tangu 1961 hadi 1964, alikuwa akisema kwamba kupeleka ujumbe maelfu ya maili si kazi ngumu. Kazi iko kwenye futi tatu za mwisho, pale mtu anapozungumza na mtu. Aliwaambia pia wabunge wao kwamba ukweli ndio propaganda bora na uongo ndio mbaya kuliko yote, kwa kuwa asiyeaminika hashawishi. Nakubaliana naye katika yote mawili, na la futi tatu linanihusu moja kwa moja. Futi tatu hizo za mwisho, Nairobi, ni zangu na za wenzangu. Sauti ni ya Mkenya, lafudhi ni ya nyumbani, jina la mtangazaji linajulikana sokoni. Ubalozi hauwezi kununua uaminifu huo kwa bei yoyote, na sisi tunaweza kuutoa bure kwa kukata maneno manne.

Jina peke yake halitoshi, na hili nililiona vizuri Uhuru Park. Septemba 2015 ulizinduliwa pale mnara wa kumbukumbu wa walioteswa enzi za ukoloni, uliogharamiwa na serikali ya Uingereza. Ni sanamu ya mwanamke anayempa mpiganaji wa Mau Mau chakula. Uingereza haikuficha mkono wake. Ilijitaja, na mnara wenyewe unaelezwa kuwa ishara ya upatanisho. Nilisimama mbele yake nikaguswa, kwa sababu kwetu kuna waliozuiliwa kambini na hawakuwahi kuona serikali yoyote, ya kwao au ya kigeni, ikiwasimamishia hata jiwe.

Lakini kilichoachwa nje kilikuwa kirefu kuliko kilichosemwa. Wazee wachache wa Kenya walifungua kesi London mwaka 2009. Serikali ya Uingereza iliwapinga, kwanza kwa hoja kwamba dhima yote ilihamia kwa serikali ya Kenya wakati wa uhuru, kisha kwa hoja kwamba muda umepita. Ilishindwa hoja hizo mahakamani mwaka 2011 na 2012. Katikati ya kesi hiyo ndipo mafaili ya kikoloni yaliyokuwa yamehifadhiwa kisiri Hanslope Park, kituo cha serikali huko Uingereza, yalipotolewa. Tarehe 6 Juni 2013 waziri wa mambo ya nje, William Hague, akaliambia bunge kwamba Uingereza inasikitika kwa dhati, kwamba itatoa pauni milioni 19.9 kwa madai ya watu 5,228, na kwamba bado haikubali dhima ya kisheria kwa yaliyofanywa na utawala wa kikoloni. Mnara ulikuwa sehemu ya maafikiano hayo. Ulitokana na kesi. Ukisoma maelezo ya uzinduzi pekee, unaweza kuondoka ukidhani ulitokana na moyo mwema.

Tulipotangaza habari ile tulisoma maneno ya Waingereza kama walivyoyasema, kwa jina lao, kisha tukaongeza historia ya kesi kwa sentensi chache. Simu zikaanza. Mama mmoja wa Nyeri aliuliza habari za wale ambao hawakuwa kwenye orodha ya kulipwa, na alikuwa na haki ya kuuliza: Wakenya zaidi ya 40,000 walikuwa na kesi nyingine London, na hiyo ilitupwa mwaka 2018. Sidhani kama kuna afisa habari yeyote duniani angeliweka hilo katika taarifa ya uzinduzi. Si kazi yake. Tangu wakati huo, kila taarifa ikifika, ya nchi yoyote, namwambia mwandishi aandike kando ya karatasi jambo moja ambalo mtumaji hangependa kuulizwa. Ya reli inakuja na kilomita na ajira, na kando tunaandika: mkopo. Ya msaada wa chakula inakuja na tani, na kando: uliolimwa wapi, na nani alilipwa kuusafirisha. Hatuyatumii yote hewani. Mengine hayana habari ndani yake. Lakini yanatuzuia kusoma tukiwa tumelala.

Wapo wanaoniambia kwamba nazihurumia mno propaganda za wazi. Huwarudisha kwenye historia ya mji huu wenyewe. Mwaka 1963 kilifunguliwa hapa Nairobi kituo cha sanaa kilichoitwa Chemchemi, chini ya mwandishi wa Afrika Kusini Ezekiel Mphahlele. Palikuwa na warsha za uandishi, maigizo, maonyesho ya picha. Kazi nzuri, ya vijana wenye njaa ya kazi nzuri. Ufadhili ulitoka kwa shirika lililoitwa Congress for Cultural Freedom, na mwaka 1966 na 1967 magazeti ya Marekani yakafichua kwamba nyuma ya shirika hilo ilikuwa CIA. Hakuna aliyethibitisha kwamba mashairi yaliyosomwa pale yaliagizwa Washington, na mimi sidai hivyo. Hasara ilikuwa nyingine. Waliofika pale hawakuambiwa hela ilianzia wapi, kwa hiyo hawakupata nafasi ya kuamua. Na baada ya kufichuka, kila mtu aliyewahi kunywa chai pale aliweza kunyooshewa kidole. Ndiyo maana napenda nembo. Nembo inaniachia uamuzi.

Upande wa pili wa ile vita baridi nao ulikuwepo, ingawa kwa muda mfupi. Taasisi ya Lumumba ilifunguliwa Desemba 1964 kwa msaada wa nchi za kikomunisti, na mwaka uliofuata serikali ya Kenyatta ikaifunga. Hapo angalau kila mtu alijua ni ya nani. Pengine ndiyo maana haikudumu.

Machi 2022, baada ya Urusi kuivamia Ukraine, Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku RT na Sputnik, vyombo vya habari vya serikali ya Urusi, na wakati huohuo MultiChoice ikaiondoa RT kwenye DStv. Watu walioko Umoja na Buruburu wakakosa chaneli kwa uamuzi uliofanywa Brussels. Niliipinga hatua hiyo kwenye vikao na naipinga hadi leo, ingawa vita ile sina shaka ni uvamizi. Chaneli ya serikali ya Urusi yenye jina lake juu ya kioo naweza kumfundisha mtoto kuitazama. Ilipoondoka, video zilezile ziliendelea kuzunguka WhatsApp zikiwa zimekatwa nembo, na hapo hakuna wa kuulizwa.

Safari za kufadhiliwa nazipita haraka. Wamarekani wamekuwa wakialika wageni kwa mpango wao tangu 1940, Wachina wana mpango wa waandishi wa Afrika Beijing tangu 2014, na wengine wengi wanafuata. Wenzangu waliokwenda wamerudi na maarifa ambayo mishahara yetu isingewapa. Sharti langu ni moja: ukisimulia ulichokiona, mwambie msikilizaji nani alikata tiketi.

Na tusijifanye kwamba ni za wageni tu. Agosti 2024 serikali yetu ilizindua Ikulu kampeni ya Raila Odinga ya kuwania uenyekiti wa Kamisheni ya Umoja wa Afrika, mbele ya marais kadhaa, na kampeni hiyo ilikuwa diplomasia ya umma ya Kenya mwanzo hadi mwisho. Vituo vingi hapa viliisoma kama habari za ushindi unaokuja. Sauti za nchi zinazozungumza Kifaransa, na hesabu ya kura zao, zilisikika kwa nadra. Tarehe 15 Februari 2025, Addis Ababa, ushindi ukaenda kwa Mahmoud Ali Youssouf wa Djibouti, na wasikilizaji wakatupigia simu kwa mshangao wa kweli. Walikuwa wamesikiliza upande mmoja kwa miezi, na upande huo ulikuwa wetu.

Mwezi mmoja baadaye likaja la Sauti ya Amerika. Tarehe 14 Machi 2025 Rais Trump alitia sahihi amri ya kulipunguza hadi kiwango cha chini kabisa shirika linalosimamia idhaa hiyo, na kesho yake wafanyakazi zaidi ya 1,300 wakapewa likizo ya lazima. Idhaa iliyokuwa hewani tangu 1942, yenye lugha karibu 50, ikanyamaza kwa amri ya wenyewe. Kwetu lilikuwa pengo la kawaida la ratiba: nusu saa tupu, tangazo la muziki, na fundi mitambo anauliza aweke nini kesho. Nilisikitika kwa ajili ya watangazaji, kwa kuwa baadhi yao ni watu wa hapa hapa Afrika Mashariki waliozeeka katika kazi ile, na sauti zao tulizijua kabla ya kujua nyuso.

Ndani ya muda mfupi tulikuwa na watu mlangoni. Ofa mojawapo ilitoka kwa kampuni ya maudhui ya hapa mjini. Kijana mwenye adabu nyingi, akaja na kompyuta yake, akatuchezea vipindi: afya, kilimo, teknolojia, vyote kwa Kiswahili kizuri, tayari kwenda hewani, bila malipo. Nikamuuliza nani anagharamia. Akasema ni mteja. Nikamuuliza mteja ni serikali? Akasema mteja angependa asitajwe, kwa sababu utafiti unaonyesha wasikilizaji hupendelea maudhui yasiyo na jina la mtu. Alilisema hilo kama faida. Tukamshukuru, akaondoka na kompyuta yake.

Ofa nyingine ilitoka moja kwa moja kwa idhaa ya nchi moja, kwa barua yenye muhuri. Hiyo tuliijadili. Mkuu wa vipindi alitaka tuichukue yote. Nusu saa ya bure si mchezo kwa kituo kinachohesabu shilingi. Mimi niliomba kifungu kimoja kiingizwe: kabla na baada ya kila kipindi, mtangazaji wetu aseme kimetengenezwa na idhaa ipi na inagharamiwa na serikali ipi, na maneno hayo yasikatwe hata habari zikichelewa. Wakili wao aliomba ya mwisho iondolewe, ibaki ya mwanzo. Tukakataa, kwa sababu wengi huwasha redio katikati. Baada ya barua kadhaa wakakubali. Dakika kumi na tano tumewapa wao, na kumi na tano zilizobaki tunazijaza wenyewe kwa habari za kaunti, ambazo zinatugharimu nauli, simu na usingizi. Wiki hii mwandishi wetu yuko Mwingi kufuatilia bwawa lililojengwa kwa hela za mfadhili wa nje. Taarifa ya ubalozi kuhusu bwawa hilo ninayo mezani, na kando yake nimemwandikia swali: maji yameanza kutoka?